Kabureta Mbili za Triumph na Waya wa Gitaa

Pikipiki yangu haizimi barabara ikiwa tupu. Husubiri watu. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye kipilefti kimoja hapa Coventry, saa kumi na moja jioni, basi nyuma yangu, na pembeni mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akinitazama kwa huruma. Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga ya pili, ikanirudishia teke hadi kifundo cha mguu kikafa ganzi. Ya tatu ikawaka, ikakohoa upande wa kushoto, ikatema moshi mweusi, tukaondoka mimi na yeye bila kusemezana.

Ni Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969, silinda mbili, cc 649. Ilitengenezwa Meriden, kijiji ambacho kwa pikipiki ni mwendo wa dakika chache tu kutoka ninapoishi. Triumph walihamia huko baada ya kiwanda chao cha mjini kupigwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940, wakaanza kazi mwaka 1942, na mwaka 1983 wakafunga. Leo pale pana nyumba za watu. Mtaa mmoja unaitwa Bonneville Close, nami huupitia makusudi nikiwa juu ya Bonneville, utadhani nampeleka mtoto kumwonyesha alikozaliwa. Ila siku zile nilikuwa naogopa kupita, maana kuzima pale ingekuwa fedheha ya ukoo mzima.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: ukiwa mwendoni, gia ya tatu au ya nne, pikipiki inavuta vizuri kabisa. Ukirudisha mkono wa mafuta, haishiki sailensi, ule mlio wa taratibu wa injini isiyovutwa. Mara inapanda yenyewe kama imekasirika, mara inashuka, inashuka, inazima. Ukikaza skrubu ya sailensi isizime, basi hata ukiachia mkono inabaki inanguruma, na breki inafanya kazi ambayo si yake.

Nikamtumia mjomba sauti kwenye WhatsApp. Mjomba ni fundi wa pikipiki Tanga, ameanza kabla sijazaliwa, na siku hizi riziki yake ni bodaboda za Kichina. Nikamsalimu, shikamoo mjomba, nikamwekea na mlio wa injini dakika nzima. Jibu lilikuja usiku: "Marahaba mjomba. Nimeisikia. Sasa niambie, umeanza kufungua nini?"

Nikamwambia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

"Nilijua. Kila mtu anaanza na kabureta kwa sababu ina skrubu za kuchezea. Ifunge. Kaangalie moto kwanza."

Hasira zilinipanda kidogo, lakini alikuwa na haki. Moto wa plagi ukichelewa au ukiwahi, injini inatoa dalili zilezile za kabureta mbovu. Kwenye injini hii cheche inatakiwa itokee nyuzi 38 za mzunguko wa injini kabla pistoni haijafika juu, pale mzunguko unapokuwa mkubwa. Nilipopima kwa taa ya kumulika, silinda ya kulia ilikuwa sawa, ya kushoto imepotea nyuzi kadhaa. Pointi, vile vipande vinavyokutana na kuachana ili cheche itoke, zilikuwa zimeliwa. Nikazibadilisha, nikapima upya. Teke la kiki likakoma siku hiyohiyo. Kuzima hakukukoma. Basi sasa nilikuwa na ruhusa ya mjomba kufungua kabureta.

Kabureta zake ni Amal. Jina hili kwa sikio la mtu wa pwani lina raha yake: kwa Kiarabu ni tumaini, na kwetu linagusana na amali, kazi ya mikono. Waingereza wala hawakuwaza hayo. Mwaka 1927 makampuni matatu ya kabureta, yaani Amac, Brown & Barlow na Binks, yaliunganishwa, na jina likakatwa kutoka kwenye neno lao la kuunganishwa, amalgamated. Kutoka Birmingham, Amal wakauza kabureta kwa karibu kila kiwanda kikubwa cha pikipiki Uingereza: Triumph, BSA, Norton, Matchless, Royal Enfield. Katikati ya miaka ya hamsini walitoa aina ya Monobloc, yenye bakuli la mafuta lililochongwa pamoja na bodi kwa ubavuni. Mwaka 1967 ikaja Concentric, bakuli likahamia chini, na jeti, kile kitundu kilichopimwa cha kupitishia mafuta, ikawa katikati yake. Yangu ni hizo Concentric, namba 930. Hiyo 9 ni ukubwa wa bodi, na 30 ni kipenyo cha koo lake, yaani njia ya hewa, kwa milimita. Norton Commando za baadaye zilifungwa 932, koo la milimita 32. Ukishajua hivyo, namba inajisoma yenyewe.

Ndani mwake hamna miujiza. Kuna slaidi, kile kipande cha mviringo kinachopanda ukivuta mafuta. Kwenye slaidi inaning'inia sindano, na sindano inaingia kwenye jeti yake. Chini kabisa kuna jeti kubwa. Pembeni kuna njia nyembamba ya mafuta ya sailensi. Kila kimoja kina zamu. Mkono ukiwa umefungwa hadi kama sehemu moja ya nane, anayetawala ni njia ya sailensi. Ukipita hapo hadi robo, ni mkato ulio kwenye mdomo wa slaidi. Slaidi namba 3 ina mkato wa inchi 3/16. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano na jeti yake. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa, na namba iliyogongwa juu yake, yangu ni 190, ni kiasi cha mafuta kinachopita kwa sentimita za ujazo kila dakika.

Nilibandika utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta, nikaugawa kwa kalamu: nane, robo, nusu, robo tatu. Watu wanacheka wakiuona, lakini ndio uliookoa muda wangu. Kabla ya utepe nilikuwa nasema "inasumbua nikienda polepole". Baada ya utepe nikaweza kusema "inasumbua chini ya nane, na haisumbui popote pengine". Kauli ya kwanza ingenipeleka kununua jeti kubwa, ambayo kwenye tatizo la sailensi inasaidia kama mwavuli kwa mtu aliyezama. Wapo wenye Triumph hapa wenye visanduku vizima vya jeti kubwa, wamejaribu zote, pikipiki bado zinazima kwenye taa.

Basi njia ya sailensi. Hapa Amal walitufanyia kitu ambacho sijawasamehe. Concentric za mwanzo zilikuwa na jeti ya sailensi ya kufungua na kusafisha. Baadaye kidogo wakaiondoa, wakagandamiza kipande chenye tundu dogo ndani kabisa ya bodi, mahali ambapo huoni na bisibisi haifiki. Tundu lenyewe ni inchi 0.016, yaani kama milimita 0.4. Petroli ikikauka humo wakati wa baridi, tundu linaziba. Petroli ya siku hizi imeongeza taabu: tangu Septemba 2021 ile ya kawaida hapa Uingereza ina ethanoli hadi asilimia kumi, na ethanoli huvuta maji, ikikaa muda mrefu inaacha unga mweupe kwenye bodi hizi za aloi ya zinki. Mimi nilikuwa nimeiacha pikipiki bandani miezi mitano na mafuta ndani ya bakuli. Kosa langu, silitupi kwa mtu.

Unasafishaje tundu usiloliona? Unafungua skrubu ya hewa, unaingiza kitu chembamba kwenye shimo lake, unasukuma moja kwa moja hadi kikutane na tundu. Wenye vifaa hutumia biti ya drili namba 78 waliyoiunganisha kwenye waya mrefu. Mimi nilikwenda duka la magitaa. Waya wa tatu kwenye seti nyepesi ya gitaa la umeme ni inchi 0.016 kamili. Kijana wa dukani akaniuliza napiga muziki gani. Nikamwambia Triumph. Akaitikia kwa kichwa kama anayeijua bendi hiyo.

Nikaukata waya kwa pembe, nikalinyoosha lile pindo lake, nikaingiza. Kulia ulipita kwa urahisi. Kushoto uligota. Nikauzungusha kwa vidole viwili, pole pole, nikiuvuta na kuurudisha, mpaka nikahisi kama chembe ya mchanga inavunjika, halafu waya ukateleza ndani. Ukaja na utandu wa kijani kwenye ncha. Kisha nikapuliza dawa ya kopo kwenye shimo la skrubu huku nikitazama koo la kabureta. Pale sakafuni, karibu na ukingo wa slaidi, kuna matundu mawili madogo. Kimoja kinalisha sailensi, cha pili kinasaidia mkono unapoanza kufunguka. Dawa ikatoka kwenye yote mawili kama chemchemi pacha. Nilipiga kelele bandani peke yangu.

Nikafunga kila kitu, nikafungua koki, nikabonyeza kile kitufe cha pembeni kinachozamisha boya mpaka petroli ikanilowesha kidole (ndivyo hizi zinavyoamshwa asubuhi), nikapiga kiki. Ikawaka kwa ya kwanza. Ikashika sailensi dakika nne nzuri. Halafu, ilipopata joto, ikaanza tena kupanda na kushuka.

Mjomba akaniuliza swali moja: "Ina hewa ya wizi?"

Hewa ya wizi ni ile inayoingia baada ya kabureta, bila kupita mlangoni. Nikadondosha maji kwenye kiungo cha kabureta ya kushoto na manifoldi, lile bomba la kuingilia injini, huku injini ikinguruma. Injini ikavuta maji, mlio ukabadilika, kisha ukarudi. Kumbe pale. Nikaitoa kabureta, nikaweka uso wake juu ya kipande cha kioo, nikamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapita katikati kama mlango usiofungika. Uso ulikuwa umepinda kama upinde.

Aliyeupinda ni mtu. Bodi hizi ni laini, zimeshikwa na nati mbili tu, moja kila upande, na katikati kuna oringi, pete ya mpira ya kuziba. Mtu akiona petroli inalowa, anakaza. Ikiendelea, anakaza zaidi. Kila akikaza, masikio mawili yanavutwa, tumbo la katikati linainuka, hewa inazidi kuingia. Nati zile zinatakiwa ziguse tu, na chini yake kuna washa za mpira ili kabureta ielee kidogo na isitikiswe na injini. Ningependa kumlaumu mwenye pikipiki aliyenitangulia, ila nakumbuka vizuri mwaka juzi nikiwa na bispana mkononi, nikikaza, nikijiambia "kidogo tena".

Nikanyoosha kwa msasa namba 400 uliobandikwa juu ya kioo, nikisugua kwa mwendo wa namba nane, saa nzima, nikiangalia mikwaruzo inavyokutana katikati. Oringi mpya. Nati za kugusa tu.

Ikawa nzuri kiasi. Kiasi tu. Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilishika slaidi ya kushoto ikiwa ndani ya bodi, nikaitikisa. Ililia. Tikitiki, tikitiki, kama kijiko ndani ya kikombe. Slaidi ya zamani imetengenezwa kwa aloi ileile ya zinki kama bodi, na vitu viwili vya aina moja vikisuguana miaka hamsini vinakulana. Injini inaivuta slaidi kwa ndani kila pistoni inaposhuka, kwa hiyo upande wa injini ndio unaoliwa. Hewa inapita pembeni ya slaidi, na sailensi inakosa kipimo. Ukigeuza skrubu ya hewa, unapata mahali panapofaa injini ikiwa baridi na pasipofaa ikiwa moto.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunatyuni ili kuficha uchakavu. Slaidi imelegea, tunaongeza mafuta ya sailensi. Jeti ya sindano imetanuka kwa kusuguliwa na sindano, tunashusha sindano tundu moja. Ile jeti mpya ni inchi 0.106, na inchi 0.107 tayari ni jeti nyingine yenye namba yake. Kwa hiyo uchakavu wa unywele mmoja ni sawa na kubadilisha jeti bila kujua. Mwisho unakuwa na kabureta ambayo kila kitu ndani yake kimesogezwa kumfidia mwenzake, na kitabu cha kiwanda hakikusaidii tena maana vipimo vyake ni vya kabureta nzima. Kama slaidi inalia, weka bisibisi chini.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kupeleka bodi zikachongwe ndani na slaidi zivishwe ganda jipya. Wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Ya pili, kuzing'oa zote mbili na kufunga Mikuni moja ya Kijapani ya milimita 34 kwenye manifoldi yenye miguu miwili. Wenye Norton wengi wamefanya hivyo, na sitawacheka. Kabureta moja haina habari ya kusawazishwa na mwenzake. Tena Triumph wenyewe waliuza pikipiki yenye injini hiihii na kabureta moja, TR6, na kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi naona ndiyo bora. Kabureta ya pili ya Bonneville ilikuwa ya kuongeza mwendo kule juu kabisa, na zaidi ya hapo ilikuwa ya kuuza pikipiki Marekani.

Nikachagua ya tatu. Amal bado zinatengenezwa. Jina na mitambo viko mikononi mwa Burlen, kampuni ya Salisbury, na wana aina wanayoiita Premier. Ni Concentric ileile kwa sura, ila slaidi ni ya alumini iliyokomazwa uso, haili bodi, na jeti ya sailensi imerudi kuwa ya kufungua. Miongo kadhaa kurekebisha kosa moja! Bei ilinifanya nikae kitako. Nilikuwa tayari nimeshapoteza fedha kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniletea vifaa vya bei rahisi, jeti zikiwa zimegongwa namba 106 na sindano ikikwama humo. Safari hii nikalipa, nikanyamaza.

Kuzisawazisha ndiyo sehemu niipendayo. Waya wa mkono wa mafuta unagawanyika mara mbili chini ya tanki, na slaidi mbili lazima ziondoke pamoja. Injini ikiwa imezimwa, unalegeza skrubu za sailensi zote, unavuta mkono kidogo na kuuachia huku sikio liko karibu. Zikitua pamoja unasikia "tak". Zisipotua pamoja unasikia "ta-tak". Unarekebisha urefu wa waya mmoja, nusu mzunguko, unasikiliza tena. Nilizima redio, nikafunga mlango wa banda. Ta-tak. Ta-tak. Tatak. Tak.

Kisha skrubu za hewa zote mzunguko mmoja na nusu kutoka zilipokazwa. Kwenye Amal ukikaza skrubu ya hewa unapunguza hewa, mafuta yanazidi. Usiichukulie kila kabureta hivyo. Skrubu ikikaa upande wa chujio, kwa kawaida ni ya hewa, ikikaa upande wa injini ni ya mafuta, na kukaza kwake ni kupunguza. Injini ikipata moto, unatoa waya wa plagi ya silinda moja na kuugusisha chuma cha injini, unaiacha ile nyingine ifanye kazi peke yake. Inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Unatafuta skrubu ya hewa inapofanya mlio uwe mwepesi zaidi, unashusha sailensi mpaka karibu izime. Unahamia upande wa pili, unafanya hivyohivyo. Ukirudisha zote mbili, mlio unapanda juu mno, maana kila mmoja alikuwa amejipanga kubeba peke yake. Unalegeza skrubu mbili za sailensi kwa kipimo kimoja, robo kwa robo, mpaka itulie.

Ikatulia. Nikaweka kikombe cha chai juu ya kiti, chai ikacheza lakini haikumwagika. Nikamrekodia mjomba dakika moja.

Akasikiliza, akanirudishia: "Sasa hiyo ni pikipiki. Zile za zamani umezitupa?"

"Hapana mjomba, ziko kwenye boksi."

"Ukija Desemba zilete. Kuna mzee hapa ana mashine ya kukereza, nataka tuzivishe shaba."

Nimeshazifunga kwenye gazeti, mfuko wa nailoni juu yake. Ile ya kushoto bado inanuka petroli, nimeifungua bakuli na kuianika kwenye dirisha la jikoni, na nyumbani nimeshaulizwa mara mbili itaondoka lini.